Kampasi Kuu au Ndaki ya Mkoani: Wapi Akasomee Udaktari?

Kila mwaka dirisha la udahili linapofunguliwa, wahitimu wa kidato cha sita, pamoja na matabibu na wauguzi wenye stashahada, hulazimika kuamua kama wasomee katika kampasi kuu ya chuo kikuu cha umma au katika tawi lake dogo lililo mbali. Wengi huamua kwa sifa ya jina. Wapo hata wanaoomba udaktari wa tiba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakidhani watasoma Mlimani, ilhali shahada hiyo hufundishwa Mbeya, katika Ndaki ya Afya na Sayansi Shirikishi.

Dharau dhidi ya matawi haina mizizi mirefu katika historia. Muhimbili yenyewe ilianza mwaka 1963 kama shule ya udaktari, ikawa kitivo mwaka 1968, kisha chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, na haikuwa chuo kikuu kamili hadi mwaka 2007. Kwa hiyo madaktari bingwa wengi wanaosifiwa leo ni zao la tawi.

Kisheria, tofauti ni ndogo. Shahada ya ndaki hutolewa kwa jina la chuo kikuu mama, na mtaala wake huidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mhitimu wa Mbeya na wa Upanga wote hupitia mwaka mmoja wa utarajali, nao husajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari.

Tofauti ya kweli iko wodini. Muhimbili ni hospitali ya taifa. Wagonjwa wengi hufika pale baada ya kushindikana kwingine. Mwanafunzi huona maradhi adimu na upasuaji mgumu, na katika eneo hilohilo zipo taasisi za moyo na za mifupa. Lakini kitandani hapo hapo husimama pia wanafunzi wa uzamili, watarajali na madaktari waliobobea, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aghalabu hutazama kwa nyuma ya mabega ya wengine. Nimonia ya kawaida ya mtoto, ambayo ndiyo atakayokutana nayo wilayani kila juma, huenda akaiona kwa nadra kuliko uvimbe wa ubongo.

Wanafunzi wa Mbeya hujifunzia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na wodi ya wazazi ya Meta ni sehemu ya hospitali hiyo. Penye wanafunzi wachache, mmoja hupata nafasi ya kupokea mama mwenye uchungu, kufuatilia mwenendo wake na kuzalisha chini ya usimamizi. Hiyo ni faida kubwa, mradi msimamizi yupo. Hapo ndipo udhaifu wa tawi lolote changa ulipo: bingwa mmoja akihamishwa au akienda masomoni, fani nzima inaweza kuyumba kwa muhula mzima. Wodi yenye wagonjwa tele bila mwalimu humfundisha mwanafunzi makosa, tena kwa gharama ya mgonjwa.

Kwa mtumishi wa afya aliye kazini, suala la familia halikwepeki. Tabibu wa Sumbawanga mwenye watoto watatu hawezi kuyatazama masafa ya Dar es Salaam kama kijana wa miaka 19. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000 kwa siku, haiongezeki kwa sababu mtu anapanga chumba Upanga.

Wagonjwa nao wana sehemu katika uamuzi huu. Mwaka 2010, na tena mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyuo vya afya vijengwe nje ya miji mikuu, kwa kuwa anayesomea karibu na vijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kuhudumia huko. Aidha, hospitali inapokuwa ya kufundishia huvuta mabingwa, na mgonjwa wa Tukuyu hupunguziwa safari ya zaidi ya kilomita 800. Akiombwa kuchunguzwa na mwanafunzi, ana haki ya kukataa bila kupoteza huduma.

Kabla ya kujaza fomu, inafaa mwombaji awatafute wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano wa pande zote mbili. Awaulize mabingwa wangapi wa tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi wanaishi pale, na wangapi huja kwa ziara. Wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja. Na usiku, dharura inapoingia, ni nani hasa humwita mwanafunzi aje kuona.