Feni Isiyotulia: Kwa Nini Kipoza Kichakataji Huvuma na Kunyamaza

Kelele ya feni ya kompyuta ni ya aina mbili, na mara nyingi aina hizo mbili hutibiwa kwa dawa moja. Ipo kelele ya feni inayozunguka kwa kasi kubwa muda wote kwa sababu mashine ina joto kweli, na ipo ya feni inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache ilhali mtumiaji hafanyi zaidi ya kufungua ukurasa wa intaneti au kuandika barua pepe. Hii ya pili ndiyo inayoudhi zaidi, kwa kuwa sikio la binadamu huzoea upesi sauti isiyobadilika, hata ikiwa kubwa kiasi, lakini hushtuka kila sauti inapobadilika. Nayo, tofauti na ile ya kwanza, aghalabu haitokani na upungufu wa upoozaji bali na jinsi feni ilivyoamriwa kuitikia joto. Ndiyo maana wapo wanaonunua kipoza joto kikubwa zaidi na kubadilisha pesti ya kupitisha joto, kisha wakaisikia feni ikivuma na kunyamaza vilevile.

Kichakataji, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, hubeba ndani yake vihisi vinavyopima joto lake mara nyingi kwa sekunde moja. Juu ya chipu hiyo hubanwa kipoza joto, ambacho ni bonge la alumini au shaba lenye mapezi mengi membamba, na kwenye mapezi hayo hufungwa feni. Bodi mama, ile sahani kubwa ya saketi inayounganisha vipuri vyote, husoma kihisi na kukilinganisha na mstari wa kasi, yaani kanuni iliyohifadhiwa ndani yake inayosema kwamba joto likifika kiwango fulani, feni izunguke kwa asilimia fulani ya uwezo wake. Feni ya kisasa ya kichakataji huwa na pini 4: mbili hupitisha umeme wa volti 12, ya tatu hurudisha hesabu ya mizunguko, na ya nne huleta amri ya kasi kwa mipigo ya umeme inayowaka na kuzimika takriban mara 25,000 kwa sekunde, kiwango kilicho juu ya upeo wa usikivu wa binadamu. Kadiri kila mpigo unavyodumu, ndivyo feni inavyozunguka kwa kasi. Feni ya pini 3 haina waya huo wa amri, na kasi yake hupunguzwa kwa kuipunguzia volti. Kwa hiyo ikichomekwa kwenye bodi iliyowekwa katika hali ya mipigo, itazunguka kwa nguvu zote bila kusikiliza chochote, jambo ambalo humalizwa kwa kubadilisha chaguo moja katika mipangilio.

Tatizo lenyewe liko kati ya kihisi na mapezi. Vichakataji vya sasa vimeundwa vijiongezee kasi kwa muda mfupi kila kazi inapojitokeza, utaratibu ambao Intel iliuingiza katika familia ya Core i7 mwaka 2008 kwa jina la Turbo Boost, na ambao AMD nayo inao kwa jina lake. Mfano ulio wazi ni familia ya AMD ya Ryzen 3000 iliyotoka Julai 2019. Viini vyake, yaani sehemu zinazofanya hesabu, vimekusanywa katika kipande cha silikoni chenye eneo la takriban milimita za mraba 74, na kiini kimoja kikipewa kazi ndogo huweza kupandishwa volti hadi kupita 1.4 ili kimalize haraka. Joto lote la tendo hilo huzaliwa mahali padogo mno, kwa hiyo kihisi kinaweza kuonyesha ongezeko la nyuzi 15 au 20 za Selsiasi papo hapo, kisha kikarudi chini kazi inapokwisha. Bodi mama huona nyuzi 62 mahali palipokuwa na 44, na huamuru feni ikimbie.

Lakini kipoza joto hakijui lolote kuhusu mruko huo. Gramu moja ya alumini huhitaji takriban jouli 0.9 za nishati ili joto lake lipande nyuzi moja. Kwa hiyo kipoza joto cha gramu 500 huhitaji jouli 450. Kichakataji kikiongeza matumizi yake kwa wati 50 kwa muda wa sekunde 3, kitakuwa kimetoa jouli 150 za ziada, ambazo hata zikifika zote kwenye mapezi zitayapandisha joto kwa theluthi moja tu ya nyuzi. Feni hupoza mapezi, haigusi silikoni. Na kwa kuwa mapezi hayajapata joto la maana, upepo wa ziada hauna cha kuondoa. Moto wa jiko hucheza huku na huku, lakini maji ya sufuria kubwa hayafuati kila ulimi wa moto. Feni inayofuata kila mruko wa kihisi, basi, hupiga kelele bure.

Kelele hiyo nayo hukua upesi kuliko kasi. Wahandisi hukadiria kwamba feni ileile ikiongezewa kasi maradufu, kwa mfano kutoka mizunguko 1,000 hadi 2,000 kwa dakika, kiasi cha hewa inayosukumwa huongezeka maradufu lakini sauti hupanda kwa takriban desibeli 15, na sikio huhesabu kila ongezeko la desibeli 10 kuwa karibu mara mbili ya ukubwa wa sauti. Wakati mwingine pia ipo kasi moja mahususi ambapo ubavu wa kasha la kompyuta hutetemeka pamoja na feni na kutoa mngurumo. Kasi hiyo ikigunduliwa kwa kusikiliza, ni afadhali mstari uiruke upesi kuliko feni kuachwa izunguke hapo.

Dawa, kwa hiyo, ni kuifanya feni iwe nzito kuitikia. Mipangilio hiyo hupatikana katika BIOS, programu ya msingi inayoendesha bodi mama kabla ya mfumo endeshi kuwaka, ambayo kwa mashine nyingi za mezani hufunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu kompyuta inapowashwa. ASUS huita sehemu hiyo Q-Fan na Gigabyte huiita Smart Fan. Hatua yenye manufaa kuliko zote ni kulaza mstari. Ikiwa joto la kawaida la matumizi mepesi huruka kati ya nyuzi 42 na 63, basi kuanzia chini kabisa hadi nyuzi 65 feni ipewe kasi moja isiyobadilika, tuseme asilimia 35 au 40, kisha ipande polepole hadi nyuzi 80, na hapo ndipo iruhusiwe kukimbia. Mruko wowote ulio ndani ya eneo hilo lililolala hausikiki tena.

Baada ya hapo huja ucheleweshaji: bodi nyingi huruhusu feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda na muda mrefu zaidi kabla ya kushuka. Bodi nyingine hutoa pia histeresisi, yaani pengo la nyuzi chache ambalo lazima joto livuke ndipo kasi ibadilishwe. Wenye hofu kwamba subira hiyo itaunguza chipu wanaweza kutulia, kwa sababu kichakataji hujilinda chenyewe: kikikaribia kikomo chake, ambacho kwa vichakataji vingi ni kati ya nyuzi 95 na 100, hujipunguzia kasi bila kungoja feni.

Ambapo BIOS haina machaguo hayo, programu za kawaida huweza kuyatoa. Katika Windows ipo FanControl, na katika Linux ipo fancontrol ya kifurushi cha lm-sensors, ambayo huweza kutumia wastani wa vipimo kadhaa vya mwisho badala ya kipimo kimoja. Kwa kompyuta inayopozwa kwa maji, kilicho bora ni feni za rejeta zifuate joto la maji yenyewe, mradi bodi iweze kulisoma, kwani maji hubadilika taratibu kama inavyotakiwa. Njia ya kuzima mruko kuanzia chanzo chake ni kushusha kikomo cha juu cha kichakataji katika mipangilio ya umeme ya Windows hadi asilimia 99, hatua inayozuia kujiongezea kasi; lakini hiyo hupunguza uwezo uliolipiwa, na kwa mashine ya mezani ni gharama isiyo na sababu. Kwa kompyuta ya mapajani, ambayo mstari wake wa kasi kwa kawaida hufungwa na kiwanda, huenda ndiyo njia pekee.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kwa kazi ileile na upepo uleule, kichakataji huwa juu ya joto la chumba kwa idadi ileile ya nyuzi, kwa hiyo chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 hupandisha vipimo vyote kwa nyuzi 10 kuliko ofisi yenye kiyoyozi iliyo kwenye 22. Mstari unaofaa ofisini utaisumbua feni nyumbani, na eneo lililolala lapaswa kusogezwa juu kwa nyuzi hizohizo. Vumbi lililoziba mapezi na pesti iliyokauka hufanya vivyo hivyo kidogo kidogo, ndiyo maana kusafisha hutangulia kupanga. Feni inayokwaruza au kunguruma hata kwa kasi ya chini ni jambo jingine kabisa: beringi yake imekwisha, na hakuna mpangilio wa BIOS utakaoiponya, bali hununuliwa nyingine yenye idadi ileile ya pini.