Leseni ya Lori Umepata: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari ya Kwanza



Katika sharika nyingi zilizo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kazi ya kuendesha malori ni tegemeo la vijana wengi na familia zao. Wengine huanza kama utingo, wengine husoma VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), na hatimaye hupata leseni ya daraja E. Siku hiyo nyumbani huwa ni furaha. Hata hivyo, leseni ni ruhusa ya kuanza kazi. Haina maana kwamba mhusika amekwisha kujua yote.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo dereva mpya anapaswa kuyaelewa pamoja na sababu zake. Jambo kubwa la kushika ni hili: mengi yanayomwokoa au kumwangamiza dereva huamuliwa kabla gari halijatoka kwenye lango la yadi.

1. Mkataba kabla ya ufunguo

Vijana wengi hukabidhiwa ufunguo kwa maneno ya mdomo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Uliza mshahara ni kiasi gani, posho ya safari ni kiasi gani, na faini ikitokea nani analipa. Dereva anayelipwa kwa tripu tu huona kila saa ya kulala kuwa ni hasara, kwa hiyo namna unavyolipwa ina uhusiano mkubwa na usalama wako.

Uliza pia kuhusu NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiumia au ukifariki kazini, hapo ndipo wewe au mke na watoto mtakapopata haki yenu. Kuuliza mambo haya si utovu wa adabu. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

2. Kagua gari wewe mwenyewe

Usikubali kuambiwa, "Gari zima, limetoka gereji jana." Barabarani anayeulizwa ni aliyeshika usukani. Zunguka gari lote: tairi, nati, taa, vioo, na mahali tela linapoungana na kichwa. Washa injini usubiri upepo wa breki ujae, kisha zima na usikilize. Ukisikia upepo unavuja, au mshale ukishuka haraka, hiyo si safari. Toa maji yaliyokusanyika kwenye matangi ya upepo, kisha jaribu breki ukiwa bado ndani ya yadi.

Ubovu utakaouona uandike, umpe msimamizi, na ubaki na nakala. Maandishi hayo ndiyo shahidi wako.

3. Mzigo na mizani

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Uzito wa gari na mzigo wake hauruhusiwi kuzidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Ekseli ya mbele ya usukani, kwa mfano, ni tani 8. Kwa hiyo gari linaweza kuwa halijazidi uzito wa jumla, na bado likakamatwa mizani kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja wa tela.

Simama uone mzigo ukipangwa. Hakikisha kamba, minyororo na turubai vimekaza, na kama ni kontena, hakikisha loki zote nne zimefungwa. Simama tena baada ya kilomita chache ukague, kwa kuwa mzigo hujipanga upya gari linapotikisika. Usibebe mzigo wa pembeni usio na hati, hata kama ni gunia moja la rafiki.

4. Mteremko huchaguliwa juu, si katikati

Barabara hii ina milima inayojulikana, kama Kitonga katika mkoa wa Iringa na miteremko ya Mbeya. Malori mengi yanayopata ajali huko hayakutoka yadi bila breki. Breki zake ziliungua njiani. Ukikanyaga breki muda mrefu, hupata moto, na zikishapata moto hupoteza nguvu ya kushika. Aidha, ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne.

Dawa yake ni gia. Kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo na uingize gia nzito, ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo, au iliyo chini yake. Iache injini ishike gari, na breki uitumie kwa kukanyaga na kuachia. Usibadili gia katikati, kwa maana ikitoka unaweza usiipate tena. Na usishuke kamwe gari likiwa nyutro ili kuokoa mafuta. Mafuta utakayookoa hayafiki hata thamani ya tairi moja.

5. Hesabu ya usingizi

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Sheria inaruhusu lori kwenda hadi kilomita 80 kwa saa, lakini ukihesabu milima, mizani, vijiji vya kilomita 50 kwa saa na mbuga ya Mikumi, lori lililobeba hupata wastani wa kilomita 50 hivi. Hiyo ni safari ya saa 18. Sheria ya kazi inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, na saa moja ya mapumziko baada ya saa 5 za kazi mfululizo. Kwa hiyo safari hii ni ya siku mbili kamili, na mara nyingi huingia ya tatu. Anayekutaka ufike kesho asubuhi anakuomba usingizi wako, na pengine uhai wako.

Panga mahali pa kulala kabla ya kuondoka. Ni vema kulala Mikumi au Ruaha Mbuyuni na kuupanda Kitonga asubuhi ukiwa na nguvu. Jihadhari na saa za kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, ambapo mwili hudai usingizi hata kama ulilala mchana. Mirungi na vidonge haviondoi uchovu, bali huuficha tu. Tena mirungi kisheria ni dawa ya kulevya.

6. Gari likiharibika au ajali ikitokea

Weka pembetatu mbali nyuma ya gari ili anayekuja apate nafasi ya kusimama. Ukikosa na kutumia matawi, yaondoe unapoondoka. Wengi huyaacha, na yanasababisha ajali nyingine. Polisi wanapatikana kwa namba 112, na Zimamoto 114.

Kwa wanaobeba mafuta neno hili ni zito zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ulipolipuka walikufa zaidi ya watu 100. Gari la mafuta likianguka, zima injini ikiwezekana, ondoka karibu nalo, na uwapigie watu kelele wakae mbali. Msamaria mwema wa siku hiyo ni yule anayewazuia watu kusogea.

7. Mwili na nyumba

Dereva hukaa mbali na nyumbani wiki nyingi, ana fedha mkononi, na foleni za mpakani ni ndefu. Mazingira hayo yamezoeleka kuwa njia ya UKIMWI kuingia katika familia. Pima, na mpime pamoja na mwenzi wako. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na anayezitumia vizuri huendelea na kazi yake. Pima pia shinikizo la damu, sukari na macho. Hospitali ya Kilutheri ya Ilula iko kando ya barabara hii. Kusimama hapo hakuhitaji safari nyingine.

Posho ya safari igawanywe kabla ya kuondoka: ya njiani, ya nyumbani na ya akiba, hata kama ni kidogo, kwenye SACCOS au VICOBA.

Neno kwa wazazi na waajiri

Wapendwa, baadhi ya wenye malori ni washarika wenzetu. Kijana akikupigia simu kusema breki hazifai au amechoka, usimwambie "jitahidi tu." Jibu lako linaweza kuwa ndilo linaloamua kama atarudi. Nanyi wazazi, msimhesabu kijana kuwa mvivu kwa sababu ameikataa safari moja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na barabarani msemo huo hauna mzaha.

Sharika zinazoombea wasafiri kila Jumapili ziendelee kufanya hivyo. Pamoja na maombi, viongozi wa vijana wawakutanishe madereva wapya na wazee wa kazi hii, angalau mara moja kila robo mwaka, wazungumze juu ya mambo haya. Mungu awalinde wote walio njiani.

Mratibu wa Miradi, Ofisi ya Dayosisi