Je, kusoma vitabu kadhaa kwa pamoja huchosha ubongo?

KANDO ya kitanda kuna riwaya iliyofunuliwa kifudifudi. Ndani ya mkoba wa kazini mna kitabu cha biashara kilichonunuliwa kwa wachuuzi wa vitabu kuukuu jijini. Sebuleni, chini ya rundo la magazeti, kuna kitabu cha maisha ya mwanasiasa mmoja, na kwenye simu kimehifadhiwa kingine cha historia cha kusomwa ndani ya matatu. Vyote vinne vimeanzwa. Hakuna kilichomalizwa.

Jioni moja mwenye vitabu hivyo anawasimulia wenzake aliyoyasoma. Katikati ya masimulizi anagundua kwamba amechukua kisa cha riwaya na kukibandika katika maisha ya yule mwanasiasa. Wenzake wanacheka, naye anacheka pia, lakini usiku usingizi haumjii. Ana umri wa miaka 52, na mama yake mzazi alifikia hatua ya kusahau majina ya wanawe. Je, naye ameanza?

Wahenga walisema mshika mbili, moja humponyoka. Wengi wetu tulilelewa na wazazi na walimu walioamini hivyo kuhusu vitabu: maliza kimoja ndipo ufungue kingine. Tazama basi jinsi ubongo unavyofanya kazi msomaji anapokuwa na vitabu kadhaa, na ni wakati gani kuchanganyikiwa huko kunapaswa kumpeleka mtu kwa daktari.

Meza na kabati

Ubongo una namna zaidi ya moja ya kuhifadhi mambo. Kuna kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo tunaweza kuifananisha na meza ndogo ya fundi. Hapo huwekwa tu kile kinachoshughulikiwa sasa hivi: sentensi unayoisoma, jina la mhusika aliyeingia punde, swali lililoachwa katika aya iliyotangulia. Mwaka wa 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kwamba meza hiyo hubeba vitu vipatavyo 7 kwa mpigo. Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka wa 2001, alisema ni karibu 4 tu.

Halafu kuna kumbukumbu ya muda mrefu, ambayo ni kabati kubwa. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi husaidia kuhamisha mambo kutoka mezani hadi kabatini, na kazi hiyo huendelea hata tukiwa tumelala.

Kitabu ulichokifunga jana hakikai juu ya meza. Kiko kabatini. Kwa hiyo kuwa na vitabu vinne vinavyoendelea hakuujazi ubongo wala kuuchosha, kama vile kuwafahamu majirani wa nyumba nne kusivyouchosha. Watahiniwa wa mtihani wa kidato cha nne husoma riwaya, tamthilia na hadithi fupi katika muhula mmoja, pamoja na vitabu vya Kiingereza, na hakuna anayesema wanaumizwa akili kwa sababu hiyo.

Kwa nini basi tunachanganya?

Kuna sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni kufanana. Mwaka wa 1931 watafiti wa Marekani John McGeoch na William McDonald waliwafundisha watu orodha ya maneno, kisha wakawapa ya pili. Kadiri maneno ya orodha ya pili yalivyokaribiana kimaana na yale ya kwanza, ndivyo ya kwanza yalivyosahaulika zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa vitabu. Anayesoma riwaya mbili za upelelezi kwa pamoja atachanganya washukiwa. Anayesoma riwaya moja na kitabu cha ufugaji wa kuku hana tatizo hilo, maana hakuna kuku atakayeshukiwa kwa mauaji.

Ya pili ni kwamba kumbukumbu si picha ya kamera. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwapa Waingereza ngano ya Wenyeji wa Marekani, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1932 alieleza jinsi walivyoibadilisha bila kujua: mitumbwi ikawa mashua za kawaida, na mambo yaliyokuwa mageni kwao yakaachwa au yakapewa sura waliyoizoea. Kila tunapokumbuka, tunajenga upya, na wakati mwingine tunaokota tofali la nyumba jirani. Kubandika kisa cha kitabu kimoja katika kingine ni kosa la aina hiyo. Hata vijana wa miaka 20 hulifanya.

Ya tatu ni kuruka upesi. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka wa 2009 kwamba mtu anapoacha kazi bila kuimaliza na kuingia nyingine papo hapo, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma, na kazi ya pili huzorota. Kusoma kurasa mbili hapa, ukurasa mmoja pale, na katikati kujibu ujumbe wa simu, ndiko kunakodhoofisha usomaji. Idadi ya vitabu haina lawama kubwa.

Faida ya kuacha pengo

Kuna upande mwingine unaoweza kukushangaza. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alichapisha matokeo kwamba mengi tunayojifunza hupotea katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aligundua pia kwamba kurudia jambo kwa vipindi vilivyoachana siku kadhaa huligandisha vizuri kuliko kulikariri kwa mkupuo mmoja. Majaribio mengi yaliyofuata yamethibitisha hayo.

Kwa hiyo kitabu kinachopumzishwa siku mbili wakati unasoma kingine kinaweza kukukaa vizuri zaidi, mradi ukirudi kwacho ujikumbushe kwanza. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Baada ya juma moja, waliokuwa wamejitahidi kukumbuka makala bila kuitazama waliikumbuka zaidi ya wale walioisoma tena na tena.

Namna ya kufanya

Ukitaka kuendelea na vitabu kadhaa, zingatia haya:

• Chagua vitabu visivyofanana. Riwaya moja, kimoja cha maarifa na kimoja cha dini au mashairi havigombani.

• Kipe kila kitabu mahali na wakati wake. Cha asubuhi garini kisiwe cha usiku kitandani.

• Soma hadi mwisho wa sura, au angalau mwisho wa tukio, kabla ya kubadilisha.

• Kabla ya kufungua ulipoachia, jiulize: mara ya mwisho ilikuwaje? Ukishindwa kabisa, rudi nyuma kurasa chache. Mstari mmoja wa penseli kwenye kipande cha karatasi unachoalamishia pia utasaidia.

• Usiibie usingizi muda wa kusoma. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za kulala, na anayekosa usingizi hukumbuka machache hata akisoma kitabu kimoja.

Macho nayo je?

Wapo wanaoanza vitabu vingi kwa sababu kila kimoja kinawachosha baada ya kurasa chache. Hulaumu mwandishi, au hulaumu uvivu wao, kumbe tatizo ni macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Dalili yake ni kusogeza kitabu mbali, kutafuta mwanga mkali na kuumwa kichwa jioni. Miwani ya kusomea humaliza shida hiyo, lakini ni vyema kupimwa kwanza badala ya kununua yoyote barabarani, kwani katika kipimo hicho ndipo magonjwa kama presha ya macho hugunduliwa mapema.

Kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Tukikodolea maandishi, hasa ya simu, hupepesa macho mara chache na yakakauka.

Wakati wa kumwona daktari

Kuchanganya wahusika wa vitabu viwili si dalili ya ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Dalili za kutilia maanani ni kupotea njia katika mtaa uliouzoea, kuuliza swali lile lile mara kwa mara bila kukumbuka umejibiwa, kushindwa kuhesabu pesa ulizokuwa ukizihesabu bila shida, au kusahau kwamba ulikisoma kitabu chenyewe. Mara nyingi jamaa huyaona hayo kabla ya mhusika.

Vilevile, ikiwa zamani ulipenda kusoma na sasa hakuna kitabu kinachokuvutia, huna hamu ya chakula na umejawa na huzuni kwa zaidi ya majuma mawili, huenda ni sonona, na sonona hutibika. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya koo na baadhi ya dawa pia huweza kuvuruga kumbukumbu, na vipimo vya damu pamoja na maelezo unayompa daktari huweza kuvibainisha.

Yule bwana wa miaka 52 anajua njia ya nyumbani, anajua anadaiwa na nani na kiasi gani, na alipoonyeshwa kosa lake alilitambua mara moja. Anachohitaji ni kipimo cha macho na kuamua ni kitabu kipi kitabaki kando ya kitanda.