KUTAMBUA MIMEA NA WADUDU WAKATI WA MASIKA

Chukueni daftari na kalamu ya risasi, kwa maana leo tutaandika.

Masika huanza Machi na kwisha Mei. Ni majuma 12 hivi, nayo ni shule nzuri kwa mtu atakaye kuijua mimea na wadudu wanaomzunguka. Ukijifunza mmea mmoja na mdudu mmoja kila juma, msimu utakapokwisha utakuwa umejua vitu 24.

Pengine mtauliza: "Yafaa nini? Sisi tumezaliwa hapa, na majani haya twayaona kila siku." Naam, lakini kuona si kutambua. Haya, tutazame mifano miwili.

Wa kwanza ni mnafu, mboga tunayoichuma ikijiotea shambani. Karibu yake huweza kuota mnanaha, nao ni sumu toka mizizi hata mbegu. Mimea hii ni ya jamaa moja, na ingali michanga yaweza kumdanganya mchumaji mwenye haraka. Tazameni tofauti zake. Ua la mnafu ni dogo, jeupe, mfano wa nyota, na katikati lina manjano. Tunda lake ni mviringo kama ushanga, wala halina miba. Ua la mnanaha ni refu, mfano wa tarumbeta. Tunda lake lina miba, na majani yake ukiyasugua hutoa harufu mbaya. Mtu aliyekula mnanaha hukauka kinywa, mboni za macho yake hupanuka, naye huweweseka. Mpelekeni hospitali upesi, na mchukue tawi la mmea alioula ili daktari aujue.

Mfano wa pili ni kiwavi. Viwavijeshi wa zamani twawajua: huja kwa makundi makubwa wakila majani kama jeshi lipitalo. Lakini mwaka 2016 aina nyingine, ambayo asili yake ni Amerika, ilionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 ilikwisha fika Kenya na Tanzania. Huyu huitwa kiwavijeshi vamizi. Hujificha katikati ya majani machanga ya mhindi, akaacha kinyesi kama unga wa mbao. Mtazameni usoni: ana alama mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Akiwa angali mdogo mwaweza kumponda kwa vidole, pamoja na mayai yake. Akisha kua na kuzama ndani, hata dawa humfikia kwa shida.

Sasa andikeni kanuni nne. Kwanza, usitegemee dalili moja. Tafuta tatu zinazopatana. Pili, usionje kamwe mmea usioujua. Tatu, kausha jani na ua kati ya kurasa za gazeti, weka jiwe juu yake, kisha andika mahali, tarehe na jina. Nne, waulize wajuao: bibi mzee aliyezoea kuchuma mboga, na bwana shamba.

Juu ya majina, angalieni. Jina hubadilika toka kijiji hata kijiji. Mnafu wengine huuita mnavu, na mnanaha wengine huuita muranaha. Kwa hiyo wataalamu wana jina moja kwa kila mmea. La mnanaha ni Datura stramonium, nalo limo katika kitabu cha Carl Linnaeus, Mswidi, kilichopigwa chapa mwaka 1753. Ukiliandika jina hilo, mtu wa Tanga na mtu wa Kisumu hawatakosana.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kesho asubuhi zungukeni shamba pamoja na watoto, maana mara nyingi wao ndio wanaotumwa kuchuma mboga. Waonyesheni mnafu wenye maua, kisha tafuteni mnanaha, wautazame vizuri bila kuutia kinywani. Mtoto aliyeonyeshwa mara moja kwa macho yake hatahitaji kuonywa mara kumi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.