Je, Wajua? Aliyegongwa Kichwa Haulizwi Kama Yuko Fiti

Je, wajua kwamba fainali ya Kombe la Dunia 2014 ilichezwa na mtu asiyejua kama ni fainali? Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Ezequiel Garay dakika ya 17. Akainuka, akaendelea kucheza. Baadaye akamfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama ile ndiyo fainali. Alitolewa dakika ya 31. Aliyeingia nafasi yake, André Schürrle, ndiye aliyempigia Mario Götze krosi ya bao pekee la ubingwa. Kocha anayeogopa kumpumzisha nyota wake na alikumbuke hilo.

Je, wajua kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii? Tazama anayeyumba, anayeshika kichwa, anayeuliza swali lilelile mara mbili, aliyesahau matokeo. Dalili nyingine hutokea saa kadhaa baadaye, mtu ameshafika nyumbani.

Je, wajua kwamba CT scan inaweza kutoka safi na ubongo bado una shida? Kipimo hicho hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika.

Vivyo hivyo, kofia laini ya kipa Petr Čech, aliyepasuka fuvu Oktoba 2006, ililinda mfupa tu. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Je, wajua kilichompata Sadio Mané wa Senegal kwenye AFCON ya Cameroon? Tarehe 25 Januari 2022 aligongana vichwa na Vozinha, kipa wa Cape Verde, akalala chini. Alirudi mchezoni, dakika chache baadaye akafunga, kisha akatolewa na kupelekwa hospitali. Tarehe 30 alianza robo fainali dhidi ya Equatorial Guinea. Senegal ikabeba kombe, na watu wakakumbuka bao. Mimi nakumbuka zile siku tano. Utaratibu wa kurudi uwanjani baada ya mtikisiko wa ubongo una hatua: mapumziko ya siku moja au mbili, mazoezi mepesi, kukimbia, mpira bila kugusana, ruhusa ya daktari, mazoezi kamili, ndipo mechi. Kila hatua huchukua angalau saa 24, na dalili zikirudi unashuka hatua moja. Hesabu mwenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu AFCON ya 2027 ilikabidhiwa Tanzania, Kenya na Uganda, na uwanja wa Arusha wa watazamaji 30,000 uko Olmoti. Wanetu wa mtaa wa Njiro wataiga watakachokiona pale.

Je, wajua kwamba tangu 1 Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuwa na mabadiliko ya ziada kwa aliyegongwa kichwa? Hayahesabiwi kwenye idadi ya kawaida, na wapinzani nao hupata nafasi moja ya ziada. Aliyetoka harudi tena, hata kwa penalti. Copa América ya mwaka huo ilitumia kadi ya waridi kuyatangaza.

Kwenye mechi zetu za mchangani daktari hayupo. Kuna chupa ya maji na kelele za "komaa!" Kijana atasema yuko fiti, maana ubongo unaojibu ndio ulioumia. Kwa hiyo kapteni, mwamuzi au mzazi aamue: atoke, na siku hiyo asirudi. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ridhaa unakataza mechi kabla ya siku 21. Vijana hupona polepole kuliko watu wazima, na pigo la pili kabla ya kupona linaweza, kwa nadra, kuvimbisha ubongo na kuua.

Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akiona vitu viwili-viwili, mkono au mguu ukilegea, au kichwa kikizidi kuuma na usingizi kumlemea, mpelekeni hospitali ya Mount Meru usiku huohuo. Vinginevyo asilale peke yake, asiguse pombe, na pikipiki aendeshe mwingine.