Tairi Halipasuki Ghafla

Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Katoro na Geita, mtu akishasema "tairi lilipasuka", maswali kuhusu ajali huwa yamekwisha, kana kwamba ni kudra tupu. Lakini mara nyingi tairi hupasuka baada ya kuchoka kwa muda mrefu. Likipungukiwa upepo, mbavu zake hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Kukunjika huko huzaa joto, joto hulegeza mpira ulioshika nyuzi za ndani, na nyuzi zikianza kuachana ni suala la muda tu. Mchomoko (gari dogo la usafiri wa umma) uliojaa abiria na magunia ya mchele, ukikimbizwa kwenye lami saa nane mchana, huufupisha muda huo. Ndiyo maana nasema kinachoua matairi mengi mapema ni uzembe wa kutopima upepo na mzigo, kabla hata ya ubaya wa barabara.

Wachimbaji wakubwa walilijua hilo zamani. Katika migodi ya wazi, uwezo wa tairi la lori hukadiriwa kwa kuzidisha tani linazobeba na mwendo wake kwa saa, kwa kuwa mzigo na mwendo ndivyo vinavyolichemsha. Katikati ya miaka ya 2000, matairi hayo makubwa yalipoadimika duniani, migodi iliyarefushia maisha kwa kufuatilia upepo, kusawazisha barabara zake na kudhibiti mwendo. Gari dogo nalo lina hesabu yake. Tairi lenye namba 82 ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa, limeundwa kubeba kilo 475, lakini kwa sharti kwamba upepo wake umetimia.

Madereva wengine hujibu kwamba juani upepo hupanda, kwa hiyo ni salama kuupunguza. Ni kweli hupanda, ila watengenezaji wameshalizingatia hilo. Tairi lililopimwa asubuhi likiwa na PSI 32 linaweza kusoma 36 likishachemka. Dereva akitoa nne mchana, kesho yake alfajiri ataondoka na 28, na atalichemsha zaidi kuliko jana. Kipimo sahihi ni cha tairi lililopoa, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wengine hulaumu barabara, na wana haki: changarawe na mashimo hukata mpira na kuharibu alaimenti. Hata hivyo, barabara mbovu inadai uangalizi zaidi: kukagua mbavu kama zimechanika au kuvimba, na kurekebisha alaimenti mara tairi linapoanza kulika upande mmoja.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Tairi la mtumba ni nafuu, na kwa kipato cha wengi huwezi kumlaumu anayelinunua. Lakini kashata nene zinaweza kuficha uzee. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama kashata zingalipo. Asiyesoma tarakimu hizo anaweza kuwa ananunua tairi lililokwisha kuzeeka.

Kiini cha tatizo ni kwamba, katika magari mengi ya abiria, anayeendesha siye anayenunua matairi. Abiria wa ziada ni faida ya dereva leo. Tairi lililokufa ni hasara ya tajiri mwezi ujao, na maisha ni ya abiria. Kwa hiyo kumhimiza dereva peke yake hakutoshi. Geji ya mkono bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na tairi moja, na kupima magurudumu manne pamoja na spea huchukua dakika chache. Tajiri anayedai hesabu kila jioni adai pia kipimo cha upepo kabla gari halijatoka asubuhi.