Mninga wa Tabora, kutoka kitanda hadi gitaa

KWIHARA, karibu na Tabora mjini, inajulikana kwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Wachache huutazama mninga wa misitu ya huko zaidi ya vitanda na milango.

Masalio ya seremala yanaweza kutoa gitaa. Mbavu zake huhitaji ubao wa milimita 2 hivi, unaopindwa kwa maji na joto. Mtaji mkubwa ni subira: ubao mbichi ukigandishwa kwa gundi leo, kiangazi utapasuka. Mwanafunzi aanze na ukarabati; kishikio cha nyuzi kilichobanduka kitamwonyesha nguvu ya nyuzi 6. Risiti ya mbao aitunze. Tangu mwaka 2023, mbao za mninga zinazovuka mpaka huhitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.